Gari la Watoto Lisilo na Moshi: Tathmini ya Usafiri wa Shule kutoka Buswelu hadi Isamilo

Huduma ninayoiandikia tathmini hii ni ya Hiace moja ya njano inayochukua watoto wa shule za msingi maeneo ya Buswelu na Nyasaka kila asubuhi, kuwashusha katika shule zilizopo Isamilo na Kirumba, na kuwarudisha majumbani jioni. Haina jina lililoandikwa ubavuni wala ofisi ya kupokea wateja. Mzazi huelekezwa na mzazi mwenzake, hupewa namba ya simu ya mmiliki, na makubaliano hufanyika pale pale lilipoegeshwa gari. Ndivyo yanavyopatikana magari mengi ya watoto hapa Mwanza. Ada ni shilingi 70,000 kwa mwezi kwa mtoto mmoja, na familia yenye watoto wawili au zaidi hupunguziwa kidogo. Yapo magari ya bei nafuu zaidi, na yapo ya ghali zaidi. Hili ninalilipia kwa moyo mkunjufu, na sababu kubwa ni kwamba ndani yake hakuna anayevuta sigara, wakati watoto wamo na hata wakati hawamo.

Niyataje kwa ufupi mambo ambayo kila mzazi huyauliza. Gari hufika kwa wakati, isipokuwa asubuhi za mvua ambapo foleni ya kutoka Buzuruga hadi Mabatini humchelewesha kila mtu. Kila mtoto ana siti yake na hakuna anayepakatwa. Yupo dada wa gari anayefungua na kufunga mlango, anayejua kila mtoto anashukia kwa nani, na ambaye hakubali kumwacha mtoto getini bila kuonana na mtu mzima wa nyumba hiyo. Leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na stika ya bima zimebandikwa kwenye kioo cha mbele, mahali ambapo mzazi anaweza kuzisoma bila kumwomba mtu. Upungufu upo pia: siti za nyuma kabisa hazina mikanda, na mmiliki amekuwa akiahidi kuifunga tangu muhula uliopita. Hilo linaniudhi, na nimemwambia.

Sasa nije kwenye moshi, kwa sababu ni jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii wanapochagua gari, nami naona lingetakiwa kuulizwa kabla hata ya bei.

Makubaliano ya huduma hii yameandikwa kwenye ukurasa mmoja ambao mzazi na mmiliki huusaini wote wawili. Katikati ya masharti kuhusu siku za malipo na muda wa kusubiri, kuna sharti linalosema kwamba dereva, msaidizi, fundi au mtu mwingine yeyote haruhusiwi kuvuta sigara ndani ya gari wakati wowote, gari liwe na watoto au liwe tupu. Yale maneno ya mwisho, liwe tupu, ndiyo yaliyonifanya nimheshimu mwenye gari. Dereva mwingi wa gari la wanafunzi hukaa saa nzima au zaidi akisubiri watoto watoke darasani. Jua linawaka, vumbi linapita, anapandisha vioo, anawasha sigara. Watoto wakiingia dakika kumi baadaye hawaoni moshi wowote, lakini vitambaa vya siti, zulia na dari la gari vimeshaunyonya, na kemikali zilizoganda humo huendelea kutoka kidogo kidogo. Mtoto huegemeza shavu kwenye siti hiyo hiyo, huishika kwa mikono, kisha hula andazi kwa mikono hiyo hiyo.

Jambo la pili ambalo sikulitarajia ni kwamba dereva mwenyewe ni mvutaji. Ni mtu mzima, mstaarabu, watoto wanamwamkia shikamoo kabla ya kupanda, naye hakunificha. Anaposubiri, huegesha gari kivulini, huifunga milango, na akitaka kuvuta huenda upande wa pili wa barabara karibu na kibanda cha mama lishe. Akimaliza hunawa mikono na uso kwa maji ya dumu analoliweka nyuma ya siti yake, halafu hukaa nje kwa muda kabla ya kurudi kwenye usukani. Nilipomuuliza kama sharti hilo linamkera, alinijibu kwa upole, “Mama, hii sigara ni shida yangu mimi. Hawa watoto hawajanituma niwagawie.” Nimelitaja jibu hili kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba mzazi anayekataa moshi garini anamchukia mvutaji. Hapa hakuna chuki yoyote. Mvutaji anaweza kuwa dereva bora kuliko wote, mradi ajue mpaka wa haki yake unaishia wapi.

Jambo la tatu linahusu siku za Jumamosi na Jumapili. Wengi wetu tunajua kwamba magari ya wanafunzi hukodishwa mwisho wa wiki kupeleka watu kwenye harusi, kwenye misiba na hata kwenye kamati za sherehe. Mmiliki wa gari hili naye hulikodisha, kwa kuwa ada za watoto peke yake hazitoshi kulipia matairi, lakini mkodishaji huacha fedha ya dhamana ambayo hairudishwi iwapo gari litarudi linanuka sigara au lina majivu ndani. Dada wa gari ndiye anayelikagua Jumapili jioni. Nilimshuhudia akifungua vile visahani vya majivu vilivyomo kwenye magari ya zamani na kupitisha kidole ndani yake, kimoja baada ya kingine, kisha akainama kunusa siti ya nyuma. Ukaguzi huo hauhitaji mashine wala cheti, na sijauona kwenye gari lingine lolote.

Kabla ya huduma hii, mtoto wangu alikuwa akisafiri na gari binafsi la mtu tunayefahamiana naye, Noah yenye namba za njano, ambaye alikuwa akielekea mjini kazini na kuwachukua watoto wa jirani kwa kuchangiana mafuta. Mpango wa namna hii ni wa kawaida sana Mwanza na umewasaidia wazazi wengi, kwa hiyo siudharau. Tatizo lilikuwa kwamba alivuta njiani. Sweta ya shule ilirudi ikinuka hata ilipofuliwa usiku wake, na kikohozi cha mtoto kilikuwa kikija kila wiki ya shule na kupungua wakati wa likizo. Nilipomweleza, alinihakikishia kwamba huwa anafungua dirisha na kutoa mkono nje, na kwamba moshi wote unatoka. Aliamini alichokisema. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na watoto wake mwenyewe ndani ya gari hilo hilo.

Hoja ya dirisha inastahili kujibiwa vizuri, maana ndiyo inayotolewa na karibu kila dereva. Ndani ya gari ni mahali padogo mno, na moshi wa sigara moja hujaa humo haraka kuliko chumbani. Dirisha la dereva linapofunguliwa gari likiwa mwendoni, sehemu ya moshi hutoka na sehemu nyingine husukumwa nyuma, ambako ndiko watoto walikokaa. Sehemu kubwa ya moshi wa sigara haionekani kwa macho, hivyo kutouona si ushahidi kwamba umekwisha. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na kwamba hakuna kiwango chake kilicho salama kwa anayeuvuta bila kukusudia. Shirika hilo hukadiria kuwa watu zaidi ya milioni moja wasiovuta sigara hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya moshi wa wengine. Kwa mtoto madhara yanajulikana kwa majina: pumu inayoamka mara kwa mara, maambukizi ya njia ya hewa, homa ya mapafu, na maambukizi ya sikio la kati yanayoweza kuathiri usikivu. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, mapafu yake bado yanakua, na zaidi ya yote hana uwezo wa kumwambia dereva asimamishe gari ashuke.

Hapo ndipo suala la sheria linapoingia, nami nimelifuatilia kwa muda. Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, na mwaka 2007 iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao kifungu chake cha 8 kinazitaka nchi kuwakinga watu dhidi ya moshi katika maeneo ya umma na vyombo vya usafiri wa umma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto mwenye haki ya kulindwa. Kwa hiyo abiria wa daladala ya Igoma au Nyegezi akimwambia konda azime sigara, ana pa kusimamia, na abiria wenzake kwa kawaida humuunga mkono. Lakini ile Noah yenye namba za njano si daladala. Ni gari la mtu, na mwenye gari huona kwamba akishafunga mlango yuko nyumbani kwake. Watoto wengi wa Mwanza husafiri kwa mipango ya aina hiyo, na hao ndio ninaowaombea kifungu kinachotaja gari binafsi lenye mtoto waziwazi, pasipo nafasi ya tafsiri.

Jambo hili si geni duniani, wala halikuanzia kwa matajiri peke yao. Mauritius, kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2009, ilikataza kuvuta sigara katika gari binafsi lililobeba abiria yeyote. Afrika Kusini ilikataza mwaka huo huo pale gari linapokuwa na mtoto aliye chini ya miaka 12. Nchini Marekani majimbo ya Arkansas na Louisiana yalitunga sheria zao mwaka 2006, na California ikafuata kuanzia Januari 2008 kwa watoto wote walio chini ya miaka 18. Australia Kusini ilianza mwaka 2007. Uingereza, kwa upande wa England na Wales, ilianza tarehe 1 Oktoba 2015. Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, Uganda, walipitisha sheria ya mwaka 2015 ambayo ni kali kwa maeneo ya umma kiasi cha kumtaka mvutaji akae mita 50 mbali nayo. Mtu anayetoka Mwanza kwenda Kampala kibiashara anapaswa kuijua.

Sheria ya England ndiyo niliyoisoma kwa makini zaidi, kwa kuwa imejibu maswali ambayo dereva wetu wa Noah angeyauliza. Haijalishi kama dirisha liko wazi, kiyoyozi kinafanya kazi, au mvutaji amekaa mlangoni mguu mmoja ukiwa nje. Gari likiwa na paa na likiwa na mtoto aliye chini ya miaka 18, kuvuta ni kosa. Faini ni pauni 50. Dereva naye anaweza kutozwa kwa kushindwa kumzuia abiria anayevuta, hata kama yeye mwenyewe hajagusa sigara. Kipengele hiki cha mwisho nakipenda kuliko vyote. Kwenye magari yetu ya safari za pamoja, mara nyingi anayevuta ni mjomba au rafiki aliyepewa lifti siti ya mbele, na dereva hunyamaza kwa kuona haya. Sheria inayomwajibisha dereva humpa namna ya kusema bila kuvunja heshima: “Samahani kaka, nitatozwa mimi.”

Wapo wanaouliza ni trafiki gani atakayeacha kukagua matairi na mikanda ili achungulie nani anavuta sigara. Ni swali la haki. Hata huko England faini zilizotolewa ni chache. Hata hivyo, utafiti uliofanyika huko miongoni mwa vijana wa miaka 13 hadi 15 ulionesha kwamba waliosema hukumbwa na moshi wa sigara garini mara kwa mara walikuwa asilimia 5.9 mwaka 2014, kabla ya sheria, na mwaka 2016 walikuwa asilimia 1.6. Madereva wengi waliacha bila kukamatwa, kwa sababu jambo lililokuwa tabia ya mtu binafsi lilikuwa limetangazwa kuwa kosa, na mke, bibi au mtoto mwenyewe alipata neno la kusemea. Sioni kwa nini hali iwe tofauti Buswelu. Sisi tumeshazoea kofia ngumu za bodaboda na mikanda ya siti za mbele, mambo ambayo hapo awali yalionekana usumbufu.

Lakini sheria hizo za magari binafsi zina pengo moja, na ndilo linalonirudisha kwenye Hiace yetu ya njano. Zinakataza kuvuta wakati mtoto, au abiria mwingine, yumo. Dereva wa gari lake binafsi anayevuta akiwa peke yake saa nane mchana na kuwapakia watoto saa tisa hajavunja kitu chochote chini ya sheria ya England. Sharti la ukurasa mmoja lililoandikwa na mmiliki wa gari huku Buswelu linamkinga mtoto zaidi ya hapo, na limeandikwa na mtu ambaye hakusubiri Bunge. Laiti LATRA ingelichukua sharti la namna hiyo na kuliweka miongoni mwa masharti ya leseni ya kila gari la wanafunzi, gari lenye harufu ya sigara lingerudishwa siku ya ukaguzi kama linavyorudishwa gari lenye breki mbovu.

Niseme pia kuhusu bajaji, kwa kuwa wazazi wa Nyakato na Mkolani huzitumia sana kwa watoto wadogo. Wengi hudhani kwamba kwa sababu pembeni ni wazi, moshi si tatizo. Mtoto hukaa nyuma ya mgongo wa dereva kwa umbali usiofika hata mita moja, na upepo wa mwendo hupeleka kila kitu usoni pake, cheche zikiwemo. Siku ya mvua turubai za pembeni hushushwa, na hapo bajaji huwa chumba kidogo kuliko gari lolote. Sina ugomvi na bajaji kama usafiri. Ninachosema ni kwamba swali lile lile liulizwe, na jibu liandikwe hata kwenye ujumbe wa simu.

Mtoto wangu bado ana kifua chepesi, nami sidai kwamba kubadili gari kumemponya. Ninachokiona ni kwamba anafika shuleni bila kukohoa, sweta yake inanuka sabuni, na asubuhi hatafuti tena kisingizio cha kukaa siti ya dirishani. Alama nilizoipa huduma hii zingekuwa kamili kama si mikanda ya nyuma. Ningependa pia mmiliki abandike alama ya kukataza sigara mlangoni, kwa ndani na kwa nje, kwa kuwa sasa sharti linajulikana kwa waliosaini tu, wakati mgeni anayepewa lifti hana namna ya kulijua.

Nafasi za mwezi Januari huanza kutolewa kabla shule hazijafungwa mwishoni mwa mwaka, na watoto ambao tayari wamo hupewa kipaumbele. Mzazi anayetaka kulitazama gari aende jioni baada ya watoto wa mwisho kushushwa, aombe ukurasa wa makubaliano ausome wote, akae kwenye siti ya nyuma milango na vioo vikiwa vimefungwa, avute hewa kwa pua, na aulize habari za mikanda.